Mchanga wa Birika

Nyumbani kwetu kuna bwawa la kuogelea. Najua inavyosikika. Nyumba yenyewe ni ya chini, ya kizamani, katika mtaa wa Kariakoo ambao sasa nyumba kama hiyo zimebaki za kutafuta, na mtu akipita barazani hawezi kudhani kwamba uani kuna maji ya kumfika mtu mzima kifuani. Marehemu mume wangu alilichimba binti yetu alipokuwa mdogo. Mtoto alipenda maji kupita kiasi, na baba yake hakutaka akaogelee pwani mbele ya macho ya watu, basi akaamua kuyaleta maji ndani ya kuta. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo saruji ilikuwa yake na mabomba yalikuwa yake, na mtu pekee wa kuombwa ruhusa nilikuwa mimi, ambaye sikuombwa. Niliamka siku moja nikakuta vibarua wameshang'oa mpapai wangu.

Mtaani wakaliita birika. Birika la Mwarabu. Majirani walikuwa wakipita wakiuliza kama chai imeiva, mume wangu anacheka nao, mimi nanuna, maana mpapai ule ulikuwa unazaa. Lakini mtoto alijifunza kuogelea mle. Jioni baada ya kufunga duka baba mtu alikuwa akikunja suruali, anakaa ukingoni na miguu majini, na kazi yake ikawa kusema "tena" kila mtoto akifika upande wa pili. Jina nalo likabaki. Hata sisi wenyewe tukawa tunasema birika.

Binti akaolewa, akahamia Maskati. Baadaye mume wangu akafariki. Nikabaki mimi na birika, na maghorofa. Maghorofa yameota pande zote za nyumba yangu, na madalali hawakauki mlangoni. "Shikamoo bi mkubwa, nyumba hii inauzwa?" Nawajibu, "Marahaba. Na wewe unauzwa?" Wengine wanacheka, wengine wananiita mkali. Ukali wenyewe ni kwamba siku nyingine dalali ndiye mtu pekee aliyebisha hodi kwangu.

Maji ya birika yaliharibika taratibu. Kulikuwa na pampu ambayo ilikuwa inayazungusha tu, inayavuta upande huu na kuyarudisha upande ule, na kikapu cha kunasa majani. Usafi hasa mume wangu aliufanya mwenyewe: anayamwaga yote, anashuka na brashi, anasugua huku anaimba vibaya, kisha anajaza upya. Mimi magoti yangu hayashuki mle. Maji yakawa na ukijani, kisha yakawa kijani kabisa, na vyura wakaja bila kualikwa.

Ndivyo alivyoyakuta binti yangu alipokuja likizo na mumewe na watoto wao wawili. Alisimama ukingoni, akanusa. "Mama, maji haya watoto watapata fangasi." Nilikuwa nimetandika vitanda vyote, hadi kile cha chumba cha wageni ambacho kina chaga moja mbovu. Wao walikuwa wameshapanga nyumba kule Masaki, karibu na bahari, yenye bwawa linalong'aa. Kwangu walikuja mchana kula, na jua likianza kuinama wanaaga. Walipoondoka nchini nilikunja shuka ambazo hazikulaliwa. Iliniuma, na sikumwambia mtu kwamba imeniuma, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Kisha akapiga simu tena. Watoto wangefunga shule, wangekuja. Nikamuuliza, mtalala wapi?

"Tutaona, Mama."

Tutaona. Neno hilo nalijua, nimemlea nalo mimi mwenyewe. Kila alipoomba kitu ambacho sikuwa na nia ya kumpa, nilimwambia tutaona, na yeye alijua maana yake akaenda zake chumbani. Sasa limenirudia kwa simu. Nikakaa nalo kutwa. Mwisho nikasema, kama kisingizio ni maji, basi mimi nitakiondoa kisingizio, tuone watashika nini kingine.

Nilikwenda kwenye duka la pampu, si mbali na lilipokuwa duka letu. Muuzaji alinikalisha kwenye kiti cha plastiki, nikamweleza habari ya birika, akasema sina haja ya kuyamwaga maji.

"Unahitaji chujio la mchanga, bi mkubwa. Pampu inayasukuma maji, yanapita kwenye mchanga, uchafu unakamatwa humo humo, yanarudi bwawani yakiwa safi."

"Mchanga ndio unaochafua maji," nikamwambia.

Akacheka. Akanionyesha pipa la duara, limekaa kama mtungi mkubwa wa maji, juu lina valvu yenye mkono wa kugeuza. Ukiuweka mkono huku, linachuja. Ukiugeuza huku, maji yanapita kinyumenyume, yanauosha mchanga wenyewe na kutupa uchafu nje. Nikapenda hapo penye kujiosha. Nilimwambia nalitaka, akanipa namba ya fundi bomba wa Buguruni.

Fundi alikuwa mtu mzima, mwenye maneno mengi na saa isiyofanya kazi mkononi. Alikagua mabomba, akaniwekea alama ya chaki mahali atakapokata, kati ya pampu na bomba la kurudishia maji, akaondoka. Kesho yake akapiga simu kwamba pipa na viungio atakuja navyo yeye.

"Wewe niandalie mchanga tu, bi mkubwa. Tusikwame."

Mimi nimekuwa mke wa muuza vifaa vya ujenzi karibu maisha yangu yote. Mtu akiniambia niandae mchanga, ninachojua ni kimoja. Nikapiga simu, kikaja kigari cha mizigo, kirikuu, kimejaa, kikamwaga mchanga wa kujengea mbele ya baraza yangu, rundo la kufika dirishani. Nikampa dereva maji ya kunywa, nikaingia ndani nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na habari: bi mkubwa anapandisha ghorofa. Jirani anayeuza vitenge alikuja kunipa hongera huku uso umemwiva. Dalali mmoja alikuja na mtu aliyemwita mkandarasi. Mzee wa nyumba ya nyuma alituma ujumbe kwamba nisimzibie upepo. Kila mmoja namwambia ni wa birika, na kila mmoja anaondoka akiamini namficha. Watu ambao hawajawahi kuniuliza nimekula nini walikuwa na haki zote za kukasirika kwamba sikuwashirikisha.

Fundi alipofika alisimama, akashika kiuno.

"Unajenga, bi mkubwa?"

"Si ulisema mchanga?"

"Mchanga wa mifuko, mama! Ule mweupe, umeoshwa, punje zake zinalingana. Huu una udongo. Nikiutia humu, wiki haiishi tope limeziba kila kitu!"

Nilimwangalia yeye, nikaliangalia rundo, na kicheko kikanitoka. Nilicheka hadi nikashika mlango. Fundi naye akacheka, akakaa chini kabisa juu ya mchanga wenyewe. Tulipoingia ndani nilikuwa bado nacheka, na ukumbi ukairudisha sauti yangu, nikashtuka. Nilikuwa nimesahau kwamba nyumba ile ina mwangwi. Mchanga nikawapa waliokuwa wanajenga choo cha madrasa, wakaja kuuzoa kwa toroli, na mtaa ukaamini kwamba nimefilisika kabla ya kuanza.

Siku ya kazi yenyewe nilimwekea fundi chai na mihogo, nikavuta kiti uani. Yeye hakuhitaji msimamizi, ila mimi nilihitaji pa kukaa penye mtu. Alikata bomba kwa msumeno, akapanguza ncha, akafungua kopo la gundi. Harufu ile ilipotoka nilijikuta nimesimama. Mume wangu alikuwa akirudi kutoka dukani na harufu ya gundi ya mabomba kwenye mikono ya shati, sabuni haikuweza kuitoa, na nilikuwa nikimgombeza kila siku asiniwekee mashati yale kwenye kanga zangu. Nikajifanya naenda kuangalia jiko.

Niliporudi pipa lilikuwa limesimama mahali pake. Fundi akaniita nichungulie. Ndani, katikati, kuna bomba limesimama wima, na chini kabisa limetandaza vidole vya plastiki vyenye nyufa nyembamba, nyembamba kiasi kwamba maji yanapita na mchanga haupiti. Akaliziba domo la lile bomba kwa utepe, mchanga usiingie. Kisha akajaza maji pipa hadi nusu.

"Maji kwanza," akasema. "Ukiutupa mchanga mkavu, unavunja vidole vile chini. Ukiwa na maji, unashuka taratibu. Hapa hakuna haraka, unaulaza tu."

Akafungua mfuko wa kwanza. Mchanga ulikuwa mweupe kweli, safi, mkavu. Akachukua kopo, akachota, akamimina polepole. Nikatia mkono kwenye mfuko ule, nikajaza kiganja.

Lazima niseme jambo hapa, maana bila hilo haitaeleweka nilichofanya. Mume wangu alifariki asubuhi, chumbani mwetu, na baada ya sala ya alasiri alikuwa ameshazikwa. Ndivyo tunavyofanya. Na sisi wanawake hatuendi makaburini. Wanaume ndio wanaomshusha, ndio wanaosimama pale na kumtupia mchanga kwa mikono, mara tatu kila mtu, hata aliyemjua kwa kununua misumari tu. Mimi nilikuwa ndani, nimezungukwa na wanawake, nikasikia tahalili ya waliobeba jeneza ikitoka mlangoni, ikateremka mtaani, ikapotea kwenye honi za magari. Mtu niliyelala naye kitanda kimoja tangu nikiwa msichana, na wauza nyanya walimsindikiza mbali kuliko mimi. Binti yetu aliingia siku ya pili yake.

Basi nikapitisha mkono kwenye domo la pipa, nikauzamisha hadi majini, nikakifungua kiganja. Mchanga ukateremka. Nikachota tena, nikaulaza. Nikachota tena.

"Bi mkubwa, kwa mkono tutamaliza lini?" akasema fundi.

"Tukimaliza tutakuwa tumemaliza."

Sijui kama alielewa. Aliweka kopo chini, akainuka, akaanza kutafuta utepe ambao ulikuwa umening'inia mkononi mwake. Mimi nililia pale, nimeegemea pipa la plastiki, mkono umelowa hadi kwenye kiwiko, kanga imejaa vumbi jeupe. Nililia kwa sauti, kama nilivyopaswa kulia siku ile nilipoambiwa nijikaze. Mfuko wa kwanza niliumaliza mwenyewe. Iliyobaki nikamwachia, mgongo ulikuwa umekataa.

Alibandua utepe kwenye domo la bomba, akafunga valvu, akakaza bolti, akageuza mkono upande wa kuosha, akawasha pampu. Maji machafu yakatoka kwenye bomba la nje kuelekea mtaroni, meupe kama maziwa mwanzo, kisha yakatakata. Akageuza upande wa kuchuja. Akanionyesha mshale wa geji, akasema ukipanda hadi hapa nilipoweka alama nijue mchanga umeshiba uchafu, niuoshe. Akanipa dawa ya kutia, akanieleza kipimo chake, akaniaga. Nilimchelewesha mlangoni na maswali ambayo majibu yake nilikuwa nayo.

Maji hayakusafika kwa siku moja. Kijani kilififia, kikawa ukungu, nikadhani nimeibiwa, nikampigia fundi simu nikamsema, akaniambia nivumilie. Nilivumilia kwa kero. Kitu ambacho sikukitegemea ni sauti. Pampu ikinguruma kule uani, nilikuwa jikoni najiona nina mtu nyumbani. Nilikuwa naiacha inaendelea hata baada ya muda aliosema fundi, na ikizimwa na kukatika kwa umeme najisikia nimekatizwa mazungumzo. Nayasema haya nikijua yanachekesha.

Asubuhi moja nikaona sakafu. Vigae vya buluu, vimepinda upande mmoja kwa sababu marehemu alikataa kuajiri mtu wa vigae. Kila kigae kilionekana. Nikaangalia juu, nikakuta madirisha ya ghorofa nayo yanaangalia, mwanamke mmoja ameacha kuanika nguo, ameshikilia kibanio. Maji machafu yalikuwa yanatuficha, hilo sikuwahi kulifikiria. Nikamtafuta mtu wa maturubai, akanifungia turubai kutoka ukuta hadi ukuta, ili binti yangu akiingia majini asitazamwe. Baba yake angefanya hivyo.

Walikuja mchana wa Jumamosi. Wajukuu waliniamkia kwa Kiswahili cha kukariri, wakanibusu mikono, kisha wakaliona birika na wakasahau kwamba nipo. Wakajitupa. Baba yao akajitupa na shati lake. Kelele zile zilijaa nyumba nzima, na mimi nilisimama na sinia la sambusa nimejaa furaha, nadhani ilikuwa furaha. Binti yangu alizunguka kulitazama chujio, akagusa pipa, akasema, "Mama umefanya yote haya peke yako?" Nikasema ndiyo. Nilikuwa natazama mlangoni. Gari lilikuwa limefunguliwa buti, na ndani yake mlikuwa na taulo tu.

Nikangoja tumalize kula. Mkwe na watoto wakarudi majini. Tukabaki wawili ukumbini, tunatoa sahani.

"Mizigo iko wapi?"

"Iko kule tulikofikia, Mama."

"Masaki."

"Masaki."

Nikaweka sahani mezani. Mimi si mtu wa kuzunguka. "Maji haya nayo yana kasoro gani? Niambie. Kama kuna kitu kingine cha kurekebisha, nikirekebishe. Kitanda? Joto? Nitatia kiyoyozi. Niambie tu unachotaka ulale kwenu."

Aliinamia sahani, akazipanga upya. Nilidhani anatafuta uongo wa heshima.

"Maji hayana kasoro. Tatizo halikuwahi kuwa maji, Mama." Kisha akasema, taratibu sana, "Hamkunisubiri."

Akafuta mikono kwenye mtandio.

"Nilikuwa kwenye ndege. Njia nzima najiambia nitamwona uso. Nikafika nakuta turubai la matanga limefungwa, mnagawa pilau. Chumba kimefagiliwa, kitanda kimetandikwa kama hakulala mtu. Kila nikivuka mlango huu nafika siku ile ile. Wakati wa kula nastahimili. Kulala siwezi."

Nilikaa. Miaka yote hiyo nilikuwa napigana na vyura.

"Niliwaambia wakusubiri," nikasema. "Nilitoka hadi mlango wa ukumbi, bila kujali wanaume, nikawaambia mtoto yuko njiani. Wakaniambia maiti hasubirishwi. Wakaniambia nirudi ndani. Nilirudi ndani, mwanangu. Nani angenisikiliza?"

"Hujawahi kuniambia."

"Ulifika hunitazami usoni. Nikanuna. Si unanijua."

Alicheka kidogo, kicheko kikageuka kilio, akaja akaweka kichwa mapajani mwangu kama alivyokuwa akifanya akitoka majini na nywele zimelowa. Hatukusema kitu cha maana baada ya hapo. Uani watoto walikuwa wanashindana kuzama. Alipoinuka alikuwa amechoka, macho yamevimba. Akasema, "Nijinyooshe kidogo," akaingia chumbani mwetu, akalala upande wa ukutani, upande wa baba yake, bila kuvua mtandio.

Adhana ya alasiri ikapita. Watoto wakatoka majini, wakala tena, wakaanza kusinzia kwenye mkeka. Mumewe akaja mlangoni kwa kunyata, akauliza kama amwamshe, maana wanapaswa kuondoka. Nikamwambia amwache, aende na watoto, kesho aje. Akanitazama, akatii. Nikavuta kiti nikakaa kwenye mlango wa chumba. Magharibi ikaingia, nikasali hapo hapo, nikarudi kwenye kiti. Sikuwasha taa. Nilikuwa nasikia mtu mwingine anapumua ndani ya chumba kile.

Alizinduka kwa kushtuka, akapapasa ukuta. "Watoto wako wapi?"

"Wameondoka na baba yao."

"Giza limeingia! Mama, mbona hukuniamsha?"

"Nilikuwa nakusubiri," nikamwambia.